Ivan Mauger: Mataji Sita Yaliyopatikana Kabla ya Kona ya Kwanza

Tarehe 2 Septemba 1979, katika Uwanja wa Silesia mjini Chorzów, Poland, mwanamume aliyebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 40 alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za spidiwei. Lilikuwa taji lake la sita. La kwanza alilichukua mwaka 1968. Hakuna aliyewahi kufikisha mataji sita kabla yake, na ilipita zaidi ya robo karne ndipo Msweden Tony Rickardsson akaifikia rekodi hiyo, mwaka 2005. Ivan Mauger, mzaliwa wa Christchurch, New Zealand, alifariki Aprili 2018 akiwa na miaka 78. Wengi wanapomkumbuka hutaja kipaji. Kipaji alikuwa nacho, lakini hakitoshi kueleza ilikuwaje mtu akabaki kileleni kwa miaka kumi na moja katika mchezo unaovunja miguu na mabega kila msimu. Jibu liko kwenye namna alivyoanza mbio.

Spidiwei ni mchezo mfupi. Wapandaji wanne wanazunguka mara nne kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai, wakikata kona kuelekea kushoto. Yote huisha kwa dakika moja hivi. Pikipiki zao zina injini ya silinda moja ya sentimita za ujazo 500, inayotumia methanoli. Zina gia moja, na hazina breki kabisa. Mpandaji akifika kwenye kona huliachia gurudumu la nyuma lichepuke kwa makusudi, akageuza la mbele upande wa kulia huku pikipiki ikienda kushoto, na kuburuza chini buti la kushoto lililovikwa soli ya chuma. Mshindi hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu.

Enzi za Mauger, ubingwa wa dunia uliamuliwa siku moja. Wapandaji 16 walikutana katika mbio 20, kila mmoja akikimbia mara tano, na kila mmoja akipambana na kila mwenzake mara moja. Pointi za juu kabisa zilikuwa 15. Injini ikizimika mara moja, au ukianguka kwenye mbio moja, kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji.

Sasa tazama nani ananufaika na mpangilio huo. Anayetangulia kuingia kona ya kwanza anachagua njia anayoitaka. Walio nyuma yake wanamwagiwa udongo usoni na gurudumu lake la nyuma, hadi miwani inafunikwa. Wakitaka kumpita wapitie nje, ambako safari ni ndefu, au wajipenyeze ndani, ambako nafasi ni finyu na magurudumu yanagusana. Huko kwenye kupitana ndiko mifupa inakovunjika. Kwa hiyo anayechomoka wa kwanza ana faida mbili: anakaribia ushindi, na anakwepa sehemu ya hatari zaidi ya mbio. Mauger aliuelewa ukweli huu kuliko wenzake wote, akaujengea maisha yake ya kazi.

Kuchomoka vizuri kunahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja. La kwanza ni udongo. Kila mpandaji hupangiwa sehemu yake kwenye mstari wa kuanzia, na sehemu hizo hazilingani. Ya ndani ina safari fupi. Za nje huweza kuwa na udongo unaoshika vizuri, kwa sababu magurudumu huusukuma udongo kuelekea nje kadiri mbio zinavyoendelea. Mpandaji makini hukwangua kwa buti lake pale gurudumu la nyuma litakapokanyaga, aondoe udongo uliolegea na kulipa tairi sehemu ngumu ya kung'ata.

La pili ni klachi. Dereva wa bodaboda anajua kinachotokea akiiachia klachi ghafla huku injini inanguruma: pikipiki inaruka mbele na tairi la mbele linanyanyuka. Mpandaji wa spidiwei yuko kwenye mtihani huohuo, ila injini yake ina nguvu nyingi zaidi na chombo chake ni chepesi. Akiachia kwa pupa, gurudumu la mbele linapaa na analazimika kupunguza moto. Akichelewa hata kidogo, wenzake watatu wameshamfungia njia. Anachotakiwa ni kuachia kwa kipimo, kifua kikiwa juu ya usukani ili uzito wake ulikandamize gurudumu la mbele, kisha arudi nyuma papo hapo ili la nyuma lisichimbe ardhi bure.

La tatu ni uwiano wa sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo. Kwa kuwa gia ni moja, fundi hubadilisha sproketi kati ya mbio na mbio: meno mengi nyuma ili pikipiki ivute kwa nguvu, machache ili ipate kasi kwenye sehemu iliyonyooka. Udongo ukilowa au ukikauka, hesabu inabadilika. Mwenye kusoma udongo vibaya anapoteza mbio akiwa bado anasukuma pikipiki kwenda mstarini.

Rekodi za fainali zinaonyesha jinsi hesabu hii ilivyombeba Mauger. Mwaka 1968 mjini Gothenburg, Sweden, alishinda mbio zote tano, pointi 15. Mwaka 1970 fainali ilifanyika kwa mara ya kwanza nchini Poland, mjini Wrocław, mbele ya wenyeji waliotaka taji libaki kwao. Akapata tena 15. Hapo akawa wa kwanza kutwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, na mashabiki wa Marekani wakaichovya pikipiki yake katika dhahabu.

Kwangu mimi, somo zito zaidi liko katika fainali mbili za baadaye. Mwaka 1972 pale Wembley, London, alimaliza sawa na Msweden Bernt Persson kwa pointi 13. Wakakimbia mbio ya ziada, Mauger akashinda. Mwaka 1973 mjini Chorzów alimaliza tena sawa, safari hii na Mpoland Jerzy Szczakiel. Kwenye mbio ya ziada Szczakiel ndiye aliyetangulia. Mauger akajikuta anafukuza, akajaribu kupita karibu mno, akaanguka. Bingwa mkubwa kuliko wote aliangushwa na jambo lilelile alilokuwa akiwafanyia wengine: kuachwa mstarini.

Ustadi huu hakuzaliwa nao. Alifika Uingereza mwaka 1957, kijana wa miaka 17, akiwa na mkewe Raye, akajiunga na klabu ya Wimbledon na hakufua dafu. Alirudi nyumbani. Alipokwenda tena mwaka 1963, kujiunga na Newcastle, alikuwa mtu anayeichukulia spidiwei kama kazi inayohitaji mpango, vifaa vilivyokaguliwa na akili iliyotulia. Ilimchukua miaka mitano zaidi kufika kileleni.

Kisha teknolojia ikambadilikia. Katikati ya miaka ya 1970 injini za valvu nne zilianza kuzisukuma kando zile za valvu mbili, na mwaka 1976 Mwingereza Peter Collins akatwaa ubingwa akiwa na injini ya Weslake ya valvu nne. Injini mpya zilikuwa na nguvu zaidi, na mkono uliozoea klachi ya zamani ulipaswa kufundishwa upya. Mauger alikuwa na miaka 36, umri ambao wengi wangesema inatosha. Akajifunza. Mwaka 1977 akashinda Gothenburg, miaka mitano baada ya taji lake la nne. Miaka miwili baadaye akarudi Chorzów, uwanja uleule alioangukia, akapata pointi 14 na kumwacha Mpoland Zenon Plech na 13 mbele ya umati wa nyumbani.

Kwamba njia hii inafundishika, ushahidi ni Ole Olsen wa Denmark. Alipitia mikononi mwa Mauger akiwa kijana, na mwaka 1971 akamshinda mwalimu wake kwenye fainali ya dunia.

Hukumu yangu ni hii: Mauger alidumu kwa sababu alihamishia ugumu wa mbio mahali ambapo angeweza kuutawala, yaani kwenye gereji na kwenye mita chache za kwanza. Makocha wetu wa michezo yoyote ya kasi, iwe pikipiki, baiskeli au riadha, wawafundishe vijana kuanza kabla ya kuwafundisha kufukuza. Anayefukuza kila siku huweza kushinda leo, lakini mwili wake hautamngoja afike miaka 39.