Mlalo na Wima katika Picha za Sammy Baloji

Katika mfululizo wa Mémoire (2006), Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipachika picha za kale za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni juu ya picha zake za magofu ya Gécamines. Mkazi wa Likasi, mji uliokuzwa na migodi, hahitaji kufafanuliwa mandhari hayo. Umbo la mlalo hapa si pambo. Picha ikikatwa kuwa ya wima, mfanyakazi atakuza huruma, bali kiwanda kilichomtumikisha kitatoweka. Dosari ni kwamba upana huo huwadogosha baadhi ya watu, nao hawana majina. Hata hivyo, mhariri akataye picha ili itoshee ukurasa na atambue kuwa anamwondoa mshtakiwa, anabakiza shahidi.