Kabla ya Ada, Omba Slaidi

Wazazi wengi hukagua majengo na ada. Kwa kijana anayetaka kuwa fundi wa histolojia, yule anayekata tishu ili daktari wa patholojia aone kama uvimbe ni saratani, mimi ningeanza na swali moja: mna mikrotomu (mashine za kukata tishu) ngapi, na mwanafunzi mmoja huishika kwa saa ngapi kila wiki?

Kuhakiki usajili wa chuo ni lazima, lakini hakukuchukui siku nzima: nchini Tanzania, stashahada iko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na shahada chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Lakini usajili hautoshi: kuna kozi za maabara zinazofundisha damu, vijidudu na kemia kwa pamoja, histolojia ikaachiwa makombo. Omba ratiba uhesabu mwenyewe.

Kisha omba slaidi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Za mwalimu achana nazo. Mwalimu hakosi nzuri za kuonyesha wageni. Kipande kinachotakiwa kina unene wa mikroni 4 hivi, chembamba mara nyingi kuliko unywele. Chini ya hadubini, viini vya seli viwe buluu iliyoiva, na sehemu zinazovizunguka ziwe waridi yenye vivuli, hafifu hapa, iliyokolea pale. Zambarau ya tope kila mahali ni dalili kwamba rangi haikusafishwa. Mstari mmoja mrefu ulionyooka ni wembe wenye pengo. Mistari myembamba inayojirudia kama ngazi ni kitu kilicholegea kwenye mashine, au tishu iliyokaushwa kupita kiasi. Mikunjo hutokea utepe wa nta wenye tishu ukitandazwa vibaya juu ya maji ya vuguvugu.

Kasoro zenyewe hazinitishi. Hata mimi nimeharibu bloku nyingi za tishu. Muulize aliyekata: hii imetokana na nini? Akikujibu bila kumtazama mwalimu, hapo pana chuo. Akikwambia mashine ni mbovu, endelea kuuliza.

Uliza pia mafunzo ya vitendo hufanyikia hospitali gani. Huko ndiko atakutana na tishu halisi: formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, na titi lenye mafuta mengi au mfupa unaohitaji kulainishwa kwa asidi havifundishwi kwa vipande vya figo ya panya peke yake.

Mwisho, ingia maabara unuse. Macho yakikuwasha kabla hujafika mezani, hewa haitoki. Waulize zailini (kiyeyusho cha nta) iliyotumika humwagwa wapi. Wakikuonyesha sinki, aga uende zako.