Mjomba wa Ukoo Gani?

Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, Watanzania wengi tulianza kwa kuuliza kama ni wetu. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi akiwa bado kijana, akaishi Uingereza na kufundisha Chuo Kikuu cha Kent, na riwaya zake ameziandika kwa Kiingereza. Ubishi huo tunawaachia wanaoupenda. Sisi tunataka kuzungumza na washarika kuhusu kitabu chake kimoja, Paradise cha mwaka 1994, ambacho tangu 2022 kinasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Hadithi imewekwa katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiwa wanajenga reli, ile iliyofika hapa Morogoro mwaka 1907. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa bara, na mara kwa mara hufika mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye mtoto amefundishwa kumwita kama ndugu wa wazazi wake. Akija, nyumbani kunapikwa vizuri. Akiondoka, humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa afungashe vitu vyake, anapandishwa treni pamoja na mgeni huyo na kupelekwa pwani. Huko anakutana na Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani, naye ndiye anayemfungua macho: yule si ndugu yako, baba yako ana deni, na wewe ndiye dhamana.

Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, ami na baba mdogo, na pengine ndiyo maana msomaji wa Ulaya hulipita bila kujikwaa. Sisi tunaoishi chini ya Milima ya Uluguru hatuwezi. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Kumwita mtu mjomba ni kumkabidhi mtoto. Gurnah ameuona uongo mdogo ambao jamii yenye adabu huutumia kufunika biashara, na ameuonyesha bila kupaza sauti. Aziz hapigi wala hatukani. Ni mpole, ananukia vizuri, anasali. Ingekuwa rahisi zaidi kwetu kama angekuwa katili.

Tunaandika haya kwa sababu tumewahi kuingia katika uongo huo kwa mkono wetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alikuja binti katika darasa letu la kipaimara, ametoka milimani, anaishi mjini. Penye nafasi ya mlezi tuliandika: mjomba. Alikuwa akichelewa kila Jumamosi, tukamkemea mbele ya wenzake. Ni mama mmoja wa Kiluguru, mzee wa kanisa, aliyemuuliza swali ambalo sisi wenye vyeti vya chuo cha theolojia hatukulifikiria: “Mjomba wa ukoo gani, mwanangu?” Binti akanyamaza. Alikuwa mfanyakazi wa ndani asiyelipwa, ametolewa kwao kwa sababu ya mkopo wa mbegu, na mwenye nyumba alikuwa msharika mwenzetu, mtu wa sadaka nzuri.

Kila Mkristo atakayesoma ataona nyuma ya kijana huyu yule Yusufu wa kitabu cha Mwanzo, ambaye Waislamu pia wanamsoma katika Kurani: uzuri wake, ndoto zake, mke wa bwana anayemtamani, nguo inayochanika. Lakini hakuna Farao wa kumtoa gerezani, wala ghala la nafaka la kumpandisha cheo. Mwishoni Yusuf anawakimbilia askari wa Wajerumani, jeshi lile lile linaloswaga watu, kwa sababu kubaki kumekuwa aibu kubwa zaidi. Tumehubiri habari za Yusufu mara nyingi kama hadithi ya kijana aliyevumilia akawa waziri. Gurnah ametuharibia mahubiri hayo, na tunamshukuru. Maandiko yenyewe husema Bwana alikuwa pamoja na Yusufu akiwa bado mtumwa, kisha tena akiwa kifungoni, kabla ya cheo chochote. Na katika sura ya 47 Yusufu huyo huyo anawanunua Wamisri pamoja na mashamba yao kwa ajili ya Farao. Sura hiyo, tukiri, hatujawahi kuihubiri.

Tuna lawama moja. Amina, dada wa Khalil wa kulelewa, ambaye naye alitolewa kwa sababu ya deni na kuozwa kwa Aziz, anapewa nafasi ndogo mno. Anapozungumza, maneno yake ni mazito kuliko ya wanaume wote katika msafara mrefu wa bara, na msafara huo wenyewe ungeweza kupunguzwa kurasa kadhaa.

Lakini kuna Mzee Hamdani, mtunza bustani. Aliwahi kupewa uhuru wake na bibi wa nyumba akaukataa, kwa kuwa, asema, hakuwa nao bibi huyo hata aweze kumpa. Luther mwaka 1520 aliandika kuhusu uhuru wa Mkristo jambo linalokaribiana na hilo, na siku ya kwanza tulifurahi sana kuliona. Siku ya pili tulimkumbuka binti wa Jumamosi. Mzee anaweza kusema hivyo juu ya nafsi yake. Sisi hatukuwa na haki ya kusema hivyo juu yake yeye.

Deni la mbegu lililipwa na akina mama wa kikundi cha jumuiya, bila kumshirikisha mchungaji. Binti alirudi kwao kabla ya kubarikiwa, na penye jina lake katika daftari neno mjomba bado lipo, kwa mwandiko wetu.