Pompi ya Esanse Mpakani: Lipia Kipimo Kwanza, Kipuri Baadaye

Gari ikizima kwenye mstari wa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa. Fundi anasema pompi, kambisti (mbadilisha pesa) anayesubiri wateja anasema pompi, na muuza maandazi naye anakubali. Mara nyingi hawako mbali na ukweli. Tatizo ni kwamba hapo katikati ya "karibu ni kweli" na "ni kweli" ndipo dola za mwenye gari zinapopotelea. Kazi ninayoichambua hapa ilifanywa mpakani kwa teksi aina ya Toyota IST, injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, na ilifanywa kwa mpangilio ambao mafundi wengi wanaujua lakini wachache wanalipwa ili waufuate.

Dalili zilikuwa hizi. Asubuhi gari iliwaka bila shida na kushuka kutoka Lubumbashi, karibu kilomita 90, bila kukohoa. Ilipofika kwenye foleni ya malori, ikawa inakwenda hatua mbili na kusimama, jua la Oktoba likiwa utosini. Hapo ikaanza kukosa nguvu, kisha ikazima. Ikipoa, inawaka tena. Dereva alikuwa amekwisha kujifunza dawa yake: mmoja anazungusha stata, mwingine anagonga chini ya tangi kwa kiganja, na injini inaitika.

Kugonga huko si uchawi. Mota ya pompi ina brashi ndogo za kaboni zinazosugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme. Brashi zikiisha, kishindo huzirudisha mahali pake kwa muda. Kwa hiyo gari inayoitika kwa kugongwa tangi inatoa ushahidi mzito dhidi ya pompi. Lakini haijamaliza kesi, kwa sababu kishindo hicho hicho hutikisa pia soketi na waya zilizolegea juu ya tangi.

"Baba, pompi imekufa, lete pesa tununue," alisema fundi wa kwanza. Fundi wa pili, mtu mzima kidogo, aliuliza swali moja tu: "Umeipima?"

Kipimo cha kwanza hakikugusa esanse kabisa. Koili za plagi na sensa ya mzunguko wa injini nazo zina tabia ya kufa zikipata joto na kufufuka zikipoa. Basi gari ilipogoma ikiwa ya moto, fundi alichomoa plagi na kuangalia cheche. Cheche ilikuwapo, kali na ya buluu, na plagi yenyewe ilikuwa kavu, haina hata harufu ya esanse. Moto upo, chakula hakifiki. Nusu ya watuhumiwa wakaachiwa.

Cha pili kilikuwa umeme wa kuamsha pompi: fyuzi na rilei. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Katika Toyota nyingi za zamani, pompi haivumi ufunguo unapowashwa tu. Inasubiri stata izunguke. Anayetega sikio kwenye kiti cha nyuma bila kuzungusha stata atasikia kimya, na atauza pompi kwa sababu ya kimya ambacho ni cha kawaida.

Cha tatu ni geji ya presha, na ndicho kipimo ambacho pesa ya uchunguzi inakilipia. Kwanza presha iliyomo kwenye bomba ilipunguzwa: soketi ya pompi ilichomolewa, injini ikaachwa iungurume hadi izime yenyewe, kisha waya wa hasi wa betri ukatolewa. Mama aliyekuwa akichoma mahindi karibu aliombwa asogeze mbabula yake, kwa kuwa mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi kwenye makaa. Geji ilipofungwa na injini kuwashwa, ilisoma paundi 42. Injini hii inatakiwa kuwa kati ya paundi 44 na 50, yaani kilopaskali 304 hadi 343. Baada ya kuunguruma muda mrefu juani, sindano ilishuka hadi 28, na kila kanyagio lilipobonyezwa ikateremka zaidi. Injini ilipozimwa, presha ilibaki bila kuporomoka. Hilo liliondoa shaka ya injekta zinazovuja.

Presha ndogo bado haimaanishi pompi. Pompi ni mota, na mota inayonyimwa umeme husukuma kidogo. Fundi alinyanyua kiti cha nyuma, akafungua kifuniko, akapima volti kwenye soketi huku injini ikiunguruma. Kwenye betri palikuwa na volti 13.8, kwenye pompi zilifika 11.2. Volti zaidi ya mbili zilikuwa zinapotea njiani. Upande wa masi hasara ilikuwa ndogo mno. Upande wa chanya, kijino cha soketi kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imeyeyuka ukingoni.

Mwenye haraka angeishia hapo: badilisha soketi, chukua pesa, kwaheri. Soketi ilibadilishwa kweli, na presha ikapanda hadi paundi 45 gari ikiwa baridi. Ilipopata joto ikarudi 33. Ndipo mita ya ampea ilipotoa jibu la mwisho. Pompi ya aina hii kwa kawaida hula ampea 4 hadi 6. Hii ilikuwa inakula 9. Ilikuwa inajikakamua, na umeme mwingi iliouvuta ndio uliopika soketi. Pompi na soketi, kila mmoja alikuwa na kosa lake, na ukimfunga mmoja ukamwacha mwenzake, kesi inarudi.

Moduli ilipotolewa tangini, sababu ya kujikakamua ikaonekana kwa macho. Kichujio cha chini, ambacho huwa cheupe, kilikuwa kimekuwa cheusi na kushika utelezi, kimejaa vumbi laini jekundu na vipande vya plastiki. Teksi hii hununua esanse kwa bidoni na chupa za Kadhafi, wauza esanse wa barabarani, lita chache kila safari, na tangi lake halijawahi kujaa. Pompi iliyo ndani ya tangi hupozwa na esanse inayoizunguka na kupita ndani yake. Tangi likikaa karibu tupu, joto halina pa kwenda. Uchafu ukiziba kichujio, kazi inaongezeka. Foleni ya Kasumbalesa inamalizia kilichobaki.

Sasa malipo. Duka lilikuwa na chaguo tatu: mota halisi ndani ya boksi, kopi yenye boksi linalofanana, na moduli nzima ya mtumba. Boksi peke yake si dhamana. Januari 2020 Toyota yenyewe ilitangaza kuyaita karakana magari karibu 700,000 nchini Marekani kwa sababu ya pompi za esanse zinazoweza kusimama gari likiwa mwendoni, na idadi ikaongezeka hadi mamilioni mwaka huo huo. Ikiwa pompi ya kiwandani nayo inaweza kuwa na kasoro, basi kipuri chochote kinapimwa kwa geji, hakiaminiwi kwa maandishi.

Hesabu ya mpakani nayo ina mikunjo yake. Duka linataka dola, tena noti isiyochanika hata pembe; fundi anakubali faranga; ukivuka kwenda Chililabombwe au Chingola, upande wa Zambia, kutafuta bei nafuu, unalipa kwacha, na kambisti anakata chake kwenda na kurudi. Tuchukue mfano: kipimo dola 10, kopi 25, mota halisi 70. Anayenunua kopi bila kupima, ikafa kwenye soketi ile ile iliyoungua, amelipa 25 mara mbili pamoja na ufundi mara mbili, na bado ugonjwa haujulikani. Juu yake, weka hesabu ya siku ambayo mwenye teksi anaidai hata gari ikiwa imelala.

Malipo ya kazi hii yalikatwa vipande vitatu. Kipimo kililipwa peke yake, iwe pompi ni nzima au mbovu, ili fundi asiwe na haja ya kuikuta imekufa. Kipuri kilinunuliwa na dereva mwenyewe fundi akiwa pembeni yake, na maneno ya kurudisha yakakubaliwa dukani kabla ya kutoa pesa, kwa sababu vipuri vya umeme vikishafungwa havirudi. Nusu ya ufundi ilitolewa mwanzoni, na nusu ikatumwa kwa M-Pesa baada ya gari kuunguruma juani hadi feni ya rejeta ikawaka mara kadhaa, geji ikiwa bado imefungwa. Ilisimama paundi 47, na soketi mpya ilipoguswa haikuwa ya moto.

Kichujio kipya kilifungwa pamoja na mota, na tangi likaoshwa. Deni lililobaki ni la dereva: asiruhusu geji ya esanse ishuke chini ya robo, na bidoni zipitie kitambaa safi. Hilo halimgharimu hata faranga, lakini asipolifuata, mota ya dola 70 itakufa kama iliyotangulia.