Mtini wa Marko 13: Tashbihi au Jazanda?

Mwalimu mwenzangu, mtahiniwa akiandika kwamba mtini wa Marko 13 ni jazanda ya taifa la Israeli, usimtuze alama upesi. Wangu huyatoa haya kwenye mahubiri ya redio. Hal Lindsey aliyaeneza mwaka 1970 katika The Late Great Planet Earth: mtini ulichipuka 1948, kizazi ni miaka 40 hivi, basi mwisho ni 1988 au karibu na hapo. Mwaka huo ukapita.

Kosa ni la usomaji. Katika Luka 21, mfano uo huo unataja mtini pamoja na miti mingine yote. Je, hiyo mingine ni mataifa gani? Hapa pana tashbihi tu: majani yakichipuka, mtu hujua msimu umekaribia. Tena aya nne baada ya mtini, katika Marko, msemaji mwenyewe anakiri kwamba saa haijui.