Kicheko Katika Banda la Video: Tafakari Kutoka Pemba

Filamu fupi za vichekesho hutajwa mimbarani hasa pale vijana wanapoonywa. Sisi twaona kwamba yafaa kwanza kuuliza: zina mvuto gani, hata mtu wa Wete au Chake Chake, aliyeshinda akichuma karafuu, atoe kiingilio na kukaa katika banda la video ili acheke pamoja na jirani zake?

Mvuto wa kwanza ni kuanguka kwake ajikwezaye. Katika The Immigrant ya mwaka 1917, filamu bubu isiyofika nusu saa, Charles Chaplin, mhamiaji fukara, ampiga teke afisa wa uhamiaji, wala kicheko hicho hakihitaji mkalimani. Marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018, mara nyingi aliigiza mzee mwenye kujiona mjanja, ambaye hatimaye hunaswa na tamaa yake mwenyewe. Watazamaji wamjua mzee huyo. Yuko mtaani kwao na, wakisema kweli, yumo ndani yao pia. Hapo kichekesho chafanya kazi inayofanana na ile ya Sheria: chamvua mtu vazi la haki yake mwenyewe.

Hata hivyo, si kila anguko ni la mwenye kiburi. Baadhi ya filamu hizi humcheka mwenye kigugumizi, kilema, na mtu wa shamba. Hata lafudhi ya Kipemba imepata kufanywa mzaha na waigizaji wa Bara. Chaplin alisimama upande wa fukara, nasi twacheka pamoja naye. Hawa humwangusha aliyekwisha kuwa chini. Basi mhakiki Mkristo asitosheke kuhesabu maneno machafu. Yampasa kuuliza: kicheko kikiisha, ni nani aliyebaki mavumbini?

Maandiko nayo yajua vicheko viwili. Katika Mwanzo 18 Sara alicheka peke yake, kwa kutosadiki. Katika sura ya 21 kicheko chake ni zawadi ya Mungu, nao wote wasikiao hushiriki. Na jina la Isaka lachukua kumbukumbu hiyo. Filamu fupi haiwezi kutoa zawadi ya namna hiyo. Humfichua mkosaji, kisha huishia hapo; ni Sheria pasipo Injili.

Lakini tusiidharau. Katika kisiwa ambacho walio wengi ni Waislamu, Mkristo na Mwislamu wakaao benchi moja na kuucheka udhaifu ule ule wamekiri, pasipo kukusudia, kwamba hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Neno hilo twalifundisha darasani kila mwaka, ila mimbarani twalisema kana kwamba lawahusu wengine tu. Mchungaji atakaye kukemea kicheko cha banda na aanze kwa kujiuliza kama yu tayari kuchekwa yeye mwenyewe.