Mashine ya Boti na Vitenzi vya Ubovu Wake

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi ya istilahi imeelemea zaidi upande wa majina. Sehemu za injini zimepata majina ya kutosha. Lakini mwenye kuitengeneza haanzi na jina, huanza na kitendo: mashine imefanya nini, au imekataa kufanya nini? Hapa twakusudia kuupima upungufu huo kwa mashine ya kupachika, ile ifungwayo kwenye tezi ya boti.

Mfano wetu ni Kojani, kisiwa kidogo cha upande wa mashariki wa Pemba, ambacho wavuvi wake ni mashuhuri kwa kwenda dago hata pwani ya Tanga na ya Kenya. Mashine ikizimika katika bahari ile iliyo wazi, fundi yu mbali, na maelezo aliyowahi kuyasoma mvuvi ndiyo msaada wake.

Kwanza, neno *mafuta*. Mashine nyingi za mipigo miwili hulainishwa kwa oili iliyochanganywa na petroli, mara nyingi sehemu 1 kwa sehemu 50. Mwongozo usemao "tia mafuta" haujasema kitu. Msomaji akitia petroli tupu, pistoni itakauka, itapata moto na kukwama ndani ya silinda. Wapo wanaoona *petroli* na *oili* kuwa maneno ya kigeni mno. Sisi twaona yabaki, kwani yanatenga kile ambacho *mafuta* yanakichanganya.

Pili, *kuharibika* na *hitilafu*. Maneno haya hufunika mambo yasiyofanana. Mashine isiyowaka kabisa, huenda plagi imelowa au haitoi cheche. Iendayo dakika chache kisha ikafifia na kuzimika, huenda kitundu cha hewa cha tangi hakikufunguliwa. Ingurumayo ilhali chombo hakiendi, huenda pini ya rafadha imekatika kwa kugonga mwamba. Na pini hiyo imewekwa ikatike ili meno ya gia yasalimike. Isiyotoa mchirizi wa maji ya kupoza, njia ya maji imeziba au pampu yake imechakaa, nayo haina budi kuzimwa mara moja. *Kulowa*, *kufifia*, *kukatika*, *kuziba*: hakuna hata kimoja kinachongoja kikao cha kamati.

Tatu, *rafadha* ni neno la kamusini, na wengi husema *pangaboi*. Mwandishi ayataje yote mawili mara ya kwanza, kisha ashike moja hadi mwisho.

Pengine itasemwa kwamba vitenzi vya kila siku havina usahihi wa kitaalamu. Hatukubali. Kuzimika ghafla na kuzimika polepole ni dalili mbili zenye sababu mbalimbali, na Kiswahili kimezitenga bila ya kuunda neno jipya. Anayeandika "hitilafu ya mfumo" ndiye aliyepoteza usahihi.

Twapendekeza, basi, kila orodha ya istilahi za mitambo iwe na safu ya vitenzi vya ubovu, na ijaribiwe kwa wavuvi na mafundi kabla ya kuchapwa. Jaribio lenyewe ni jepesi: mvuvi asomewe kifungu, kisha aseme ataigusa sehemu gani kwanza. Akisita, kifungu kiandikwe upya.